Mkono Ulioshika Shela

Hodi ya tatu ilipigwa na Thabiti bado kang'ang'ania komeo la mlango, vilevile tulivyomwacha Jumamosi iliyopita ukurasa ulipotuishia.

"Fungua, Ndugu Thabiti!" alisema Mathayo nyuma yake. "Unamweka mgeni juani!"

"Atakuwa muuza samaki."

"Muuza samaki gani anabisha hodi kwa adabu namna hii?"

Sauti ikasema tena kutoka nje, taratibu, maneno yaleyale yaliyomwangushia Thabiti kikombe mkononi.

"Ukinijua, usiniite."

Mathayo alipiga ukelele wa furaha. Thabiti akalikaza komeo zaidi. Mwenye maneno yale alikuwa Zuhura, na ndani ya nyumba ile Thabiti peke yake alijua kwamba Zuhura hawezi kuja kubisha hodi mtaa wa Ufukoni, kwa sababu Zuhura hajapata kuwapo.

Kwa aliyelikosa gazeti, au aliyefungiwa maandazi ndani yake kabla hajalisoma, tuyapitie haraka.

Thabiti ndiye yule Thabiti wa filamu ya Shela ya Zuhura, iliyopigwa Mikindani mwaka wa Uhuru na kuzungushwa na gari la sinema kila penye uwanja wa mpira. Wanawake walimlilia. Wanaume walichonga ndevu kama zake. Sasa amefika umri wa miwani, na Mathayo, mchapishaji kutoka Dar es Salaam mwenye mkoba mkubwa na subira ndogo, amekuja Mtwara kuandika naye kitabu cha maisha yake. Sura zote zimekwisha ila moja. Zuhura alikwenda wapi?

Zuhura wa filamu, binti wa mwinyi, hakuonyesha uso hata mara moja. Alionyesha macho, na midomo iliyocheza nyuma ya shela nyepesi, na mkono wa kushoto ulioshika pindo la shela, umejaa hina, kidole cha mwisho kimepinda. Kidole kile kiliwatia watu wazimu. Mpaka leo msichana wa Mtwara akitaka aonekane anayajua mapenzi, hushika kanga yake huku kidole amekipinda. Maskini, hawajui wanamwiga nani.

Tuseme basi, maana wasomaji wa Jumamosi tumeshakuwa watu wa nyumba moja. Mwaka ule hakuna baba wa Mikindani aliyekubali bintiye asimame mbele ya kamera. Mwenye filamu alipokata tamaa, akamvalisha shela kijana mmoja mwembamba wa Kimakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, aliyeajiriwa kubeba taa. Jina lake Jeronimo. Kisha, ili filamu iuzike, mwenye filamu akaeneza uvumi kwamba Thabiti na Zuhura wanapendana kwelikweli.

Uvumi ule ulikuwa uongo mtupu kwa muda wa majuma machache. Baada ya hapo ukawa ndio jambo la kweli peke yake katika filamu nzima.

Haya, turudi mlangoni. Mathayo alimsukuma Thabiti kando, akaondoa komeo mwenyewe.

Aliyesimama kizingitini alikuwa mwanamke wa buibui, nikabu imeshuka, mkoba wa ukili begani.

"Asalaam alaykum, wenye nyumba."

"Zuhura?" Mathayo aliuliza, na mtu mzima yule akavua kofia, akaiweka mezani.

"Sauti si unaijua?"

"Naijua! Nimeisikia tangu niko shule! Ndugu Thabiti, mbona umesimama tu? Mpenzi wako huyu! Mwezi mzima unaniandikisha yeye, yeye, nikadhani labda kafariki!"

Hapo inabidi tumtetee Thabiti kidogo. Katika kitabu chote hakuwa ameandika uongo hata mmoja kuhusu Zuhura. Aliandika: alinipenda, nilimpenda, alicheka, alininunia, alinipikia ugali wa muhogo. Mzungu angelazimika kutaja papo hapo kama huyo ni mke au mume. Kiswahili ni lugha ya stara, kinasema "yeye" na kuendelea na safari zake. Thabiti alikuwa amejistiri humo sura nzima, kwa raha mustarehe.

"Sasa sura imepata mwisho!" Mathayo alikuwa akizunguka sebule. "Mnaoana! Ijumaa posa, tunapiga picha, picha inakaa jalada la nyuma. Bibi Zuhura, samahani kwa kuuliza, una mume?"

"Ninaye wapi? Wa kwanza aliniacha, wa pili nilimwacha."

"Safi kabisa!"

Akatoka mbio kwenda posta kupeleka telegramu Dar es Salaam. Kofia yake aliisahau juu ya meza.

Thabiti alifunga mlango, akamgeukia yule mwanamke.

"Wewe ni nani?"

Mwanamke akapandisha nikabu. Uso ulikuwa wa mtu mzima, mzuri, wenye kuchoka kidogo, na Thabiti hakuujua.

"Huwezi kunikumbuka, kaka Thabiti. Kipindi kile ulikuwa na wako wa kumtazama."

"Sema jina."

"Nilikuwa nyuma ya jamvi."

"Sharifa!" Thabiti alijishika kichwa. "Sharifa wa jamvi!"

Msomaji, Jeronimo alikuwa na macho ya Zuhura, lakini akifungua mdomo ilitoka sauti ya mbeba taa. Ndipo mwenye filamu alipotundika jamvi pembeni na kumkalisha nyuma yake mwanamke mmoja mchanga, ambaye mumewe alidhani amekwenda msibani Mgao. Jeronimo huku anachezesha midomo, Sharifa kule kwenye tundu la jamvi anaitazama ile midomo na kuitolea maneno. Walizoeana mpaka haikujulikana nani anamfuata mwenzake. Zuhura alikuwa watu wawili, na mapenzi yakamfika mmoja.

"Mwisho wa filamu waliandika majina," alisema Sharifa. "Lako lilikuwa kubwa. Wapishi waliandikwa. Hata punda aliandikwa, kwa jina lake. Mimi sikuandikwa."

"Ulisema mwenyewe usiandikwe, kwa ajili ya mumeo."

"Mume ameshakwenda zake. Sauti bado ninayo." Akakaa kwenye kiti bila kuambiwa karibu. "Nataka kitabu kiseme mimi ndiye Zuhura. Nikifa, watoto wangu wajue sauti ile ilikuwa ya mama yao."

"Zuhura si wewe peke yako, Sharifa."

"Najua. Mwenzangu yuko mtaa wa pili, anapiga watu picha za kadi." Akamtazama Thabiti moja kwa moja, bila ukali. "Kaka Thabiti, wewe mwanamume wa makamo, mzuri, huna mke, na kila siku ya Mungu unakwenda kupigwa picha. Mtu anahitaji picha ngapi?"

Thabiti alivua miwani, akaivaa tena.

"Watu wanasema?"

"Bado. Sasa hivi wanakohoa tu ukipita. Wakimaliza kukohoa watasema."

"Ya Rabi."

"Nioe mimi. Watu watanyamaza. Mimi nitapata jina na nyumba ya bati. Jeronimo atakuja kula kwetu mchana na jioni, nitampikia mwenyewe, wala sitawaingilia. Nani atamshuku mpiga picha anayekula kwa mtu mwenye mke?"

Thabiti alilitazama wazo lile kushoto na kulia, akaliona zuri. Wanaume wengi tuna kipaji hicho, cha kuliona wazo ni zuri pale gharama yake inapomwangukia mwingine.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Akaingia shangazi Mwasiti, dada wa baba yake, aliyemlea tangu utotoni na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwombea jambo moja tu kila baada ya swala.

"Nani huyu, Thabiti?"

Thabiti akameza mate. "Mchumba wangu, shangazi."

Shangazi Mwasiti alipiga kigelegele kilichowatimua kuku mpaka kwa jirani.

*

Studio ya Jeronimo ilikuwa chumba kimoja chenye ukuta aliouchora mwenyewe: mji wa maghorofa ambao hajaufikia na ndege ambayo hajaipanda. Thabiti alipoingia, mzee mmoja alikuwa kwenye kigoda, amekaza shingo.

"Tazama hapa, mzee," alisema Jeronimo, akainua mkono wa kushoto juu ya kamera.

Mtwara nzima imeutazama mkono ule. Maharusi, wanachama wa chama, watoto wachanga, wote. Waliona kidole cha mwisho kimepinda na wakacheka: Jeronimo naye anamwiga Zuhura! Hakuna aliyeuliza zaidi. Wala hakuna aliyeuliza kwa nini, katika joto la Mtwara, mpiga picha yule huvaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka mwisho wa mkono. Bibi yake, aliyeitwa Francisca, alimchanja chale tatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alipokuwa mdogo, kwa kificho, padri wa misheni asijue. Wakati wa filamu zilifunikwa na hina. Tangu hapo zinafunikwa na shati.

Mzee akaondoka. Jeronimo akachukua kitambaa, akaanza kusugua kioo cha kamera.

"Nasikia unaoa."

"Umesikia kwa nani? Ndiyo kwanza..."

"Yule bwana wako wa vitabu kapita hapa akikimbilia posta, kaniagiza picha za Ijumaa. Halafu nikasikia kigelegele cha shangazi yako. Nikajumlisha."

Thabiti akamweleza mpango wote, kwa haraka, kwa mikono, kwa tabasamu lile lililowaliza wanawake wa nchi nzima. Jeronimo alisugua kioo.

"Kwa hiyo nitakuwa nakula kwenu."

"Kila siku!"

"Upande upi wa jamvi?"

Thabiti akaanza kuifuta miwani.

"Na kwenye kitabu," aliuliza Jeronimo, "mimi nimo?"

"Umo sura nzima! Wallahi, Jeronimo, ndiyo sura nzuri kuliko zote. Mathayo alitoa machozi."

"Kwa jina gani?"

"Nimeandika..." Thabiti alikwama. "Nimeandika yeye."

Jeronimo alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akicheka sana au akikasirika sana Kimakonde humtoka, na safari hii haikujulikana ni lipi kati ya hayo mawili.

"Nangu, mimi huyo! Nimepanda cheo! Nilikuwa Zuhura, sasa nimekuwa yeye!"

"Ungetaka niandike nini? Jela ipo, unajua. Na kabla ya jela kuna midomo ya watu."

"Najua vizuri kuliko wewe, maana wewe wakikukamata watasema ni msanii. Mimi nitakuwa mkimbizi mchafu." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Sikukuomba uniandike, Thabiti. Ungenyamaza, ningenyamaza nawe mpaka kaburini. Lakini umeamua mwenyewe kuwaonyesha watu uliyempenda. Basi usinyooshe kidole ukamwonyesha mwingine."

Thabiti akataka kumshika bega. Hapo ndipo alipoliona sanduku la bati, chini ya ile ndege ya rangi, limefungwa kamba.

"Hili nini?"

"Msumbiji inapata uhuru mwezi huu. Mama mdogo Joana bado yu hai, kaniletea salamu niende. Ijumaa nitawapigeni picha yenu, nipande gari la Kilambo, mpakani, nivuke mto."

"Utarudi lini?"

"Nirudi kwa nani?"

"Baki, Jeronimo."

"Nibaki kama nani?"

Kwenye filamu Thabiti hakupata kushindwa na swali. Alikuwa na jibu tamu kila mara, kwa kuwa mtu mwingine alikuwa amemwandikia. Sasa alitafuta neno ndani ya kichwa chake mwenyewe, akatafuta, na alilolipata lilikuwa hili:

"Tutazungumza."

Jeronimo akafungua vifungo vya mkono wa shati, akavifunga tena vizuri zaidi.

"Ijumaa uje umevaa kanzu nyeupe," alisema. "Inatoka vizuri kwenye picha."

Thabiti aliondoka kwa njia ya nyuma, akiwa ameshika miwani mkononi kwa sababu haikuwa na kazi tena, macho yalikuwa yamejaa maji. Tumemcheka sana Thabiti katika kurasa hizi na tutamcheka tena. Hapo tusimcheke. Alikuwa anampenda yule mtu kuliko nafsi yake, na alikuwa muoga kuliko anavyompenda.

*

Ijumaa baada ya swala ya alasiri, uwanja wa nyumba ya Thabiti ulijaa watu hadi barazani kwa majirani.

Mathayo alikuwa ameleta kitu alichokificha ndani ya gari tangu afike Mtwara. Akakifunua mbele ya watu wote: mkono wa Zuhura ulioshika shela, umekuzwa ukubwa wa mlango, umewekwa kioo. Hilo ndilo jalada la mbele! Akalitundika ukutani nyuma ya viti vya wachumba. Akina mama walipiga vigelegele, na kila mmoja, aliyemfahamu Zuhura na aliyemsikia tu, akashika pindo la kanga yake na kupinda kidole.

"Wanaume na wanawake uwanja mmoja," alinung'unika shangazi Mwasiti, akiwa amevaa kanga mpya. "Posa ya wapi hii?"

"Posa ya kitabuni, bibi," alisema Mathayo.

"Basi mkaoane humo kitabuni."

Lakini alikuwa na furaha, asikudanganye.

Sharifa alikaa kitini, buibui limemfunika gubigubi, nikabu chini. Alisema haonyeshi uso mpaka ndoa ifungwe, na watu wakamsifu kwa adabu. Kisha mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Zuhura, tusemee!" Uwanja mzima ukadakia: "Tusemee! Tusemee!"

Sharifa akasema, nusu kwa aibu, nusu kwa tamaa ya miaka yote ile:

"Ukinijua, usiniite."

Aliyeiona filamu anajua kinachofuata. Ni harusini kwa mwinyi, Zuhura anafichwa kati ya wanawake, na Thabiti anainuka mbele ya wazee wote, ananyoosha kidole na kusema: "Huyu ndiye. Sina mwingine." Mahali hapo, gari la sinema lilikokwenda kote, watazamaji walikuwa wakisema pamoja naye. Na uwanja wa Ufukoni nao ukanguruma, wazee kwa watoto:

"HUYU NDIYE! SINA MWINGINE!"

Thabiti alikaa tu katika kanzu yake nyeupe. Walimcheka kwamba ameona haya.

Jeronimo akaingia.

Kamera yake begani, miguu mitatu ya kusimamishia mkononi, na nyuma yake sanduku la bati, aliloliacha pale mlangoni pa uwanja palipo wazi. Thabiti aliliona sanduku. Kisha akaona jambo jingine, akasahau hata sanduku.

Mikono ya shati la Jeronimo ilikuwa imekunjwa mpaka kwenye kiwiko.

"Bwana harusi, sogea kidogo," alisema Jeronimo kwa sauti ya kazi. "Bibi harusi, inua kichwa. Shangazi, kaa hapo hapo, umependeza." Akafunga jicho moja. "Ndugu Mathayo, hiyo picha kubwa ina kioo, inanirudishia mwanga. Iletwe huku nyuma yangu."

"Mimi nilitaka itokee..."

"Unataka itokee, au unataka wachumba waonekane?"

Mathayo akaamrisha, watu wawili wakaihamisha, wakaiegemeza ukuta wa pili nyuma ya mpiga picha. Thabiti alifungua mdomo kuzuia. Angesema nini? Angesema picha isihamishwe kwa sababu gani?

"Tayari," alisema Jeronimo. Akainua mkono wa kushoto. "Tazameni hapa!"

Wakatazama. Mkono wa Jeronimo ulikuwa juu, na nyuma yake mkono wa Zuhura.

Kamera haikulia.

"Jeronimo, baba," alisema shangazi Mwasiti. "Hebu usiushushe."

"Siushushi, shangazi."

Bi kizee akainuka. Akampita mpiga picha, akaisogelea ile picha mpaka pua ikakaribia kioo. Kwenye kitambaa cha sinema hina ilikuwa hina tu. Ilipokuzwa ukubwa wa mlango ilikuwa na matundu, na kwenye matundu kulikuwa na kitu.

"Hii mistari chini ya hina ni nini?"

"Kivuli, bibi," alisema Mathayo.

"Nimezaliwa Mikindani, nimelelewa na mama wa Kimakonde, usinifundishe kivuli. Hizi chale." Akageuka. "Binti wa mwinyi, damu ya masharifu, ana chale za Kimakonde?"

Watu wachache walicheka. Shangazi Mwasiti hakucheka. Alikwenda kwa Sharifa, akauvuta mkono wake wa kushoto nje ya buibui, akauinua watu wauone. Kidole cha mwisho kilinyooka. Kifundo kilikuwa safi. Kisha akarudi kwa Jeronimo, akakitazama kifundo chake, akakitazama kidole, akaitazama picha.

"Mathayo, mwanangu," alisema polepole, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mkono huu wa kwenye picha ni wa nani?"

"Wa Zuhura! Si huyo hapo?"

"Nimekuuliza mkono."

Sheikh aliyealikwa kwenye posa aliweka chini kikombe chake cha kahawa. Na pale uwanjani, kimoja kimoja, vidole vya akina mama vikanyooka kwenye kanga.

Hapakuwa na wa kucheka tena. Kila mtu alikuwa akitazama kifundo kile, na Jeronimo alikuwa akimtazama mtu mmoja tu, aliyevaa kanzu nyeupe. Alionekana mtulivu.

Kisha Jeronimo akachezesha midomo. Hakutoa sauti. Labda alitaka kusema kwaheri, midomo ikafuata maneno ya filamu; labda alikuwa na lake. Lakini mbele yake, chini ya nikabu, alikaa mwanamke ambaye zamani aliitazama midomo ile kwenye tundu la jamvi siku baada ya siku, na kazi ikimkaa mtu mwilini haiombi ruhusa. Sharifa hakukusudia. Atakuapia mpaka leo hakukusudia.

"Ukinijua, usiniite."

Maneno na midomo vikakutana bila kupishana hata kidogo. Uwanja mzima ukamsikia Zuhura, na uwanja mzima ukaona anazungumza kwa mdomo wa nani.

"Mama yangu," alisema Mathayo, na mkoba ukamwanguka.

Shangazi Mwasiti alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya mchanga, na kanga yake mpya. Hakuwa na hasira usoni, bado. Alikuwa anamtazama mtoto aliyemlea, anasubiri amwambie kwamba macho yamemdanganya.

Na watu? Watu walijua kinachofuata. Mtwara nzima ilikuwa inayajua maneno yale kwa moyo, na kwa mazoea wapo waliovuta pumzi tayari kuyatamka. Hakuna aliyetamka. Safari hii wote walimwachia mwenyewe.

Thabiti akainuka kitini.

Ubavuni mwake alikuwa Sharifa, na jina aliloahidiwa, na nyumba ya bati, na midomo ya watu imefungwa. Mbele yake alikuwa Jeronimo, mkono ungali juu, na nyuma yake mlangoni sanduku limefungwa kamba. Kiswahili kilikuwa kimemstiri miaka yote hiyo. Huyu, yule, yeye, ni maneno yasiyo na mke wala mume, mtu anaweza kujifunika nayo mpaka kufa. Lakini kidole hakina stara. Kikinyooshwa, kinaelekea kwa mtu.

"Huyu," alisema Thabiti, kwa sauti ambayo hakuna filamu iliyopata kuinasa.

Akainua mkono.